Kukesha nje na darubini bila kuliwa na mbu

Swali: Mimi na wenzangu wachache hutazama nyota kwa darubini usiku usio na mbalamwezi. Tunafika uwanjani jua likielekea kuzama, na mara nyingi tunapitisha saa sita ya usiku. Mbu wanatumaliza. Nimetumia mafuta ya mchaichai, nimevaa bangili ya kufukuza mbu, nimewasha ile programu ya simu inayotoa mlio, lakini kila asubuhi miguu yangu imejaa vipele. Mwenzetu mmoja hupaka dawa yenye DEET na haumwi, ila imeyeyusha mpira wa darubini yake, nami sasa naiogopa. Mwingine hapaki kitu na anasema damu yake mbu hawaitaki. Binti yangu wa miaka 4 anaomba kuja nami. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, tuanzie kwenye miguu yako. Umenitajia mafuta, bangili na simu, lakini hukutaja soksi. Na miguu ndiyo unayolalamikia.

Mbu wa usiku hawatui popote tu mwilini. Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakubwa wa malaria, akimkuta mtu ameketi hupenda kutua chini ya goti, hasa kwenye kifundo na juu ya wayo. Mwaka 1995 watafiti Ruurd de Jong na Bart Knols walichapisha matokeo ya jaribio la kuwaangalia mbu wanatua wapi kwa mtu aliyeketi kimya bila nguo za kumkinga. Anopheles gambiae alikwenda miguuni. Anopheles atroparvus, mbu wa Ulaya, alikwenda kichwani, akifuata pumzi. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, gambiae hakuishangilia tena kama mwanzo, akatawanyika sehemu nyingine za mwili. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha pia kwamba ukaribu na ardhi una nguvu yake: mtu akilala chini na kuinua miguu juu, mbu hutua kwenye sehemu zilizo karibu zaidi na ardhi. Kwa hiyo mtu anayeketi kwenye kiti kifupi kwa saa tano, miguu imetulia juu ya nyasi, amempa mbu kile hasa anachokitafuta.

Fanya jambo moja leo jioni kabla ya kutoka. Vaa nguo zako za kawaida za kutazamia nyota, keti kwenye kiti chako, kisha iname kana kwamba unachungulia kwenye darubini. Utaona suruali imepanda na kuacha ukanda wa ngozi kati ya pindo na soksi, upana wa vidole vitatu au vinne. Gusa mgongo: shati limetoka kiunoni na sehemu ya juu ya kiuno iko wazi. Gusa mabega na mapaja: nguo imevutika mpaka imebana ngozi. Umesimama mbele ya kioo ukajiona umejifunika, lakini mbu hakukuti umesimama mbele ya kioo. Anakukuta umekunjamana.

Kwa sababu hiyo, kwangu mimi ulinzi wa mtu anayekaa nje usiku huanza na nguo, unafuata upepo, na dawa ya kupaka huja mwisho, kwa ajili ya ile ngozi kidogo iliyobaki. Wengi hufanya kinyume. Hupaka dawa mwili mzima juu juu, wakabaki na kaptura, na dawa inapoisha nguvu katikati ya usiku hawana kingine cha kuwasaidia.

Nguo zenyewe ziwe ndefu na pana. Mdomo wa mbu ni mwembamba kiasi cha kupenya kitambaa chepesi kilichobana ngozi, kwa hiyo soksi nyembamba, suruali za kubana na fulana zilizovutika hazikukingi sana. Kinachomzuia mbu ni kitambaa kilichofumwa kwa kushikana, pamoja na nafasi ya hewa kati ya kitambaa na ngozi. Suruali pana, ingiza pindo ndani ya soksi ndefu nzito, vaa viatu vilivyofunika wayo wote. Shati la mikono mirefu lichomekwe. Shingo ifunikwe kwa kola au kitambaa, kwa sababu anayeinama kuangalia darubini humpa mbu kisogo chake. Kama uwanja wenu una nyasi ndefu, kuchomeka suruali ndani ya soksi kutakusaidia pia dhidi ya kupe, ambao si wadudu kwa hesabu ya wataalamu lakini wanauma vilevile na wana magonjwa yao.

Halafu kiti. Viti vingi vya kukunja vina kalio la kitambaa cha wavu au turubai jembamba, na uzito wako unaibana suruali kwenye wavu huo. Mbu huja kwa chini, mahali usipopaangalia na pasipo na upepo, akauma paja kupitia kiti na nguo kwa pamoja. Watu hurudi nyumbani wakishangaa waliumwaje makalioni ilhali walikuwa wamekaa. Tandika blanketi lililokunjwa mara mbili, tatizo limekwisha. Machela ya kuning'inia ina kasoro hiyohiyo, na kwa ukubwa zaidi.

Nguo zinaweza kuongezewa nguvu kwa permethrini, kiuatilifu kilichotengenezwa maabara kwa kufuata mfano wa sumu asilia iliyo ndani ya maua ya pareto. Kuna dawa ya kunyunyizia nguo yenye asilimia 0.5, na kuna nguo zinazouzwa zikiwa tayari zimetiwa dawa kiwandani. Mbu akigusa kitambaa hicho huchanganyikiwa, akaondoka au akafa. Dawa ya aina hii hii hutumika kwenye vyandarua. Nyunyizia soksi, suruali, viatu na kitambaa cha kiti, fanya kazi hiyo nje ya nyumba, acha vikauke kabisa ndipo uvae. Inadumu kwa mafuo kadhaa. Ila zingatia haya: haipakwi kwenye ngozi kamwe, ni sumu kali kwa samaki hivyo maji ya kufulia yasimwagwe kwenye bwawa au mto, na paka wa nyumbani wakae mbali na nguo hizo zikiwa bado mbichi, kwa sababu miili yao haiwezi kuivunja sumu hiyo kama yetu.

Kuhusu rangi, mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba mbu Aedes aegypti, akishanusa pumzi ya mtu, huvutwa na nyekundu, rangi ya machungwa, nyeusi na samawati ya kijani, na hajali nyeupe, buluu na kijani. Huyo huuma zaidi mchana na jioni. Basi kwa ile saa mnayopanga vifaa jua likiwa bado lipo, nguo za rangi hafifu zina maana. Giza likishaingia sitakusumbua kwa jambo la rangi.

Sasa upepo. Mbu jike, ambaye ndiye pekee anayeuma kwa kuwa anahitaji protini ya damu kutengeneza mayai, hukupata kwa kufuata pumzi yako. Hewa ya kaboni dayoksaidi unayoitoa husafiri kama mkondo, naye huupanda mkondo huo kuelekea kwako, kama mbwa afuataye harufu. Akikaribia ndipo anapotambua joto, unyevu na harufu za ngozi, hasa asidi ya laktiki na asidi nyingine zitokanazo na jasho na bakteria. Sasa fikiria usiku mnaoupenda ninyi: hewa tulivu, nyota hazitetemeki. Usiku huohuo mkondo wa pumzi ya watu watano au sita waliokaa pamoja haukatiki. Mnaupenda ninyi, na mbu wanaupenda.

Mbu ana udhaifu mmoja: si mrukaji hodari. Kasi yake ni takriban mita moja hadi moja na nusu kwa sekunde, yaani kama mwendo wa mtu anayetembea. Upepo kidogo tu humshinda, na papo hapo huutawanya ule mkondo wa pumzi. Ndiyo maana feni ndogo ya betri ni kifaa ninachokipendekeza sana kwa watu wanaokaa mahali pamoja. Iweke chini, ardhini, nyuma au ubavuni mwa kiti, ielekee miguu yako. Isiguse miguu ya darubini, maana mtetemo wake utaiharibu picha. Feni inayopuliza usoni inastarehesha, lakini kwa mbu wa usiku ninaowazungumzia ni afadhali upepo upite chini ya goti.

Uchaguzi wa mahali nao ni kazi ya upepo. Pandeni sehemu iliyoinuka na wazi, mbali na vichaka, nyasi ndefu na maji yaliyosimama. Mbu wengi hupumzika mchana kwenye kivuli chenye unyevu, na jioni wanatokea huko. Najua ukingo wa miti huwakinga na taa za mbali na kuzuia upepo usitikise darubini. Mimi ningesogea mita kadhaa kutoka kwenye miti hiyo na kuvumilia mtikisiko kidogo. Mkiwa na uwanja wenu wa kudumu, uzungukeni mchana mmwage maji kwenye matairi, makopo na mashimo ya turubai. Kwenye joto, yai huweza kufikia kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe kila wiki la sivyo haina faida.

Tufike kwenye dawa ya kupaka, na ile hofu yako ya DEET. Dawa hiyo iligunduliwa Marekani mwaka 1944 kwa ajili ya wanajeshi waliokuwa wakipigana misituni, na tangu mwaka 1957 inatumiwa na raia. Ni dawa nzuri na imepimwa kwa miongo mingi. Lakini mwenzenu hakukosea alichokiona. DEET ni kiyeyushi. Hulainisha na kuharibu plastiki za aina nyingi, mpira, vanishi, rangi, na vitambaa kama reyoni na vile vya kunyumbuka. Pamba na sufi hazidhuriki. Kioo chenyewe hakiyeyuki, ila pete ya mpira unayoegemeza jicho, vifundo vya plastiki, fremu ya miwani na mkanda wa saa viko hatarini. Alichofanya mwenzenu, bila shaka, ni kupaka kwa viganja kisha akashika darubini kwa viganja hivyohivyo.

Kwako wewe napendekeza ikaridini, ambayo kwenye makopo mengine huandikwa pikaridini. Ilibuniwa na kampuni ya Bayer miaka ya 1980. Kwa kiwango cha asilimia 20 inakinga dhidi ya mbu kwa saa nyingi, nane hivi ikiwa hujatoka jasho jingi, karibu haina harufu, na haiyeyushi plastiki. Mtu anayeshika vifaa usiku kucha hana sababu ya kuhangaika na DEET iwapo hii inapatikana. Hata hivyo lenzi isiguswe na kidole chenye dawa ya aina yoyote, kwa sababu mafuta juu ya kioo kilichotiwa utando maalumu ni taabu kuyasafisha.

Kama DEET ndiyo pekee mnayoipata, itumieni, tena bila hofu, kwa masharti mawili. La kwanza ni mikono: paka miguu, shingo na masikio, kisha ufute viganja na vidole kwa kitambaa chenye maji na sabuni kabla ya kugusa chochote. Migongo ya mikono ikibaki wazi, vaa glavu nyembamba za kitambaa. La pili ni kusoma asilimia kwenye kopo na kuielewa. Watu hudhani asilimia kubwa ni nguvu zaidi. Sivyo. Asilimia hueleza zaidi muda. DEET ya asilimia 10 hukinga kwa takriban saa mbili, ya 20 hadi 30 hukufikisha kama saa tano au zaidi kidogo, na ukivuka asilimia 50 huongezi muda wa maana, unaongeza tu kiasi cha dawa mwilini na madhara kwa vifaa vyako. Kwa kikao chenu, 25 au 30 inatosha, na mtu mmoja apewe kazi ya kuwakumbusha wengine kupaka tena karibu na saa sita ya usiku.

Ipo pia PMD, inayopatikana kwenye mkaratusi wenye harufu ya limau. Hii ni dawa ya kweli, inayokaribiana na DEET ya asilimia ndogo, lakini usiichanganye na mafuta ya kunukia ya mkaratusi huohuo. Mafuta ghafi yana PMD kidogo sana. Soma lebo, itafute PMD kwa jina.

Namna ya kupaka ina uzito kuliko chapa ya kopo. Dawa hizi hukinga pale tu zilipopakwa. Hazitengenezi ukuta kukuzunguka. Ukiruka upana wa kidole nyuma ya kifundo, mbu atatua kwenye upana huo wa kidole. Kwa hiyo nyunyiza kisha sambaza kwa mkono mpaka ngozi yote iloe kidogo: kifundo kizima mbele na nyuma, ule ukanda wa soksi, nyuma ya masikio, kisogo, paji la uso kwenye mpaka wa nywele. Usoni usinyunyize moja kwa moja. Tia kiganjani, upake ukiepuka macho na midomo. Chini ya nguo usipake, na kwenye jeraha usipake. Kama mlipaka krimu ya jua alasiri, krimu hutangulia na dawa ya mbu hufuata juu yake. Na upake kabla jua halijazama, mkiwa bado mnapanga miguu ya darubini, kwa sababu saa hiyo mbu wa mchana hawajalala na wa usiku wameshaamka.

Hapo nikuambie jambo kuhusu saa. Baada ya magharibi kuna wimbi la kwanza la mbu na usubi, linalosikika masikioni. Likipungua watu hujiachia: soksi zinashushwa, kola zinafunguliwa, joto limezidi. Lakini waenezaji wakuu wa malaria wengi wao huuma zaidi kuanzia saa nne usiku kuelekea alfajiri. Utulivu wa saa tano si ishara ya usalama. Ukiona mbu ametua ukutani au kwenye boksi la vifaa huku ameinua mkia juu na kichwa kimeelekea chini, mwili umeinama kama mstari mmoja wa mshazari, huyo ni Anopheles. Wengine hukaa sambamba na pale walipotua.

Vile ulivyojaribu sasa. Mafuta ya mchaichai na nduguye wa karibu, sitronela, yana uwezo kidogo, ila huruka hewani upesi. Ndani ya saa moja au mbili huna kinga, na wewe unakaa tano. Bangili, hata ikiwa na dawa ya kweli, ingelinda sentimita chache za mkono, ilhali wewe unaumwa kifundoni. Programu ya simu iondoe. Mwaka 2007 shirika la Cochrane, linalopitia tafiti za tiba, lilichambua majaribio 10 ya nje ya vifaa vya mlio, na hakuna hata moja lililoonyesha kwamba mbu walipungua kutua. Mbu hawakimbii sauti hiyo. Vitunguu saumu na vidonge vya vitamini B ni vivyo hivyo, havisaidii.

Taa za kuua wadudu kwa umeme ninyi hamngezitumia hata hivyo, kwa sababu ya mwanga, lakini nazitaja kwa kuwa majirani wa uwanja huweza kuwashauri. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walihesabu wadudu 13,789 waliouawa na taa hizo majumbani. Wanaouma walikuwa 31. Waliobaki walikuwa wadudu wasio na ubaya wowote kwa binadamu, wengine wenye faida kubwa kwa mito na bustani. Inasikitisha, na haipunguzi hata kipele kimoja. Kwa upande wa mwanga ninyi mna bahati: taa nyekundu mnazotumia kulinda macho yasipoteze uzoefu wa giza haziwaiti wadudu wengi, kwa kuwa wengi wao hawaioni vizuri nyekundu. Kosa hutokea kwenye gari au meza ya vifaa, mtu anapowasha taa nyeupe akatafuta kitu na kuisahau.

Koili za kuchoma zinapunguza mbu hewa ikiwa imetulia, ila sizipendi karibu na watu waliokaa saa nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba koili moja ikiungua hutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Nje moshi hutawanyika, ni kweli, lakini ili ufanye kazi lazima ukufikie, na ukikufikia unauvuta. Tena moshi na joto vinapopita mbele ya darubini mnapoteza kile mlichokuja kukitazama. Moto wa kuni una ubaya uleule. Vifaa vidogo vya betri vinavyotoa mvuke wa transfluthrini, kiuatilifu cha mbu, ni nafuu zaidi kwenye hali ya utulivu, viwekwe chini, upande unakotoka upepo. Feni ikiwaka vinakosa maana, kwa hiyo chagua kimoja.

Mwenzenu ambaye mbu hawamtaki huenda anasema kweli nusu. Watu hutofautiana. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walionyesha kwamba watu wanaovuta mbu sana wana kiasi kikubwa zaidi cha asidi za aina ya kaboksili kwenye ngozi, na hali hiyo ilibaki vilevile walipofuatiliwa kwa miaka. Wajawazito huvuta mbu zaidi. Nchini Gambia, katika utafiti wa mwaka 2000, walivuta takriban mara mbili ya wengine. Pombe nayo huongeza mvuto. Lakini kuna maelezo mengine ambayo ningependa ayasikie: kipele si alama ya kuumwa, ni mwili kuyakataa mate ya mbu. Wako wanaoumwa mara nyingi wasivimbe wala kuwashwa, hasa waliozoea kuumwa tangu utotoni. Mwili umenyamaza, mbu hajaacha. Na vimelea vya malaria huingia kwa mdomo uleule, pawe na kipele au pasiwe. Mwambieni avae soksi.

Usubi na visubi wengine wadogo wanahitaji neno lao. Ni wadogo, milimita moja hadi tatu, wengine hawasikiki kabisa, na hupita kwenye matundu ya chandarua cha kawaida. Baadhi ya jamii zao huuma usiku na kueneza leishmaniasisi, ugonjwa unaoweza kushambulia ngozi au viungo vya ndani. Habari njema ni kwamba ni warukaji dhaifu kuliko hata mbu, kwa hiyo feni huwashinda kabisa, na ikaridini na DEET zinawafukuza. Chandarua kwa ajili yao kiwe na matundu madogo zaidi, au kiwe kimetiwa dawa.

Binti yako mlete. Kumkataza mtoto wa miaka 4 anga la usiku kwa sababu ya mbu ni hasara isiyo ya lazima. Mvike nguo ndefu pana na kofia iliyoungana na koti, soksi ndefu, viatu vya kufunika. Dawa umpake wewe: itie kwenye viganja vyako kwanza, umpake miguu, shingo na masikio, uache kabisa viganja vyake, macho na mdomo, kwa kuwa mikono ya mtoto haikai mbali na mdomo. Ikaridini ya asilimia 20 inamfaa kwa umri wake. DEET nayo, isizidi asilimia 30, au chini ya hapo kama lebo ya nchi yenu inavyoelekeza. PMD haitumiki kwa walio chini ya miaka 3, yeye amepita hapo, ila huwasha macho vibaya na mimi ningemwepusha. Kama kuna mwenye mtoto mchanga asiyefikisha miezi miwili, huyo hapakwi dawa, ni nguo na chandarua tu.

Atasinzia mapema. Mtandikie kitanda cha kukunja na chandarua kilichotundikwa kwa juu, pindo limeingizwa chini ya godoro pande zote. Hakikisha mkono wake haulali kwenye wavu, kwa kuwa mbu huuma kupitia wavu uliogusa ngozi kama vile haupo. Kumlaza kwenye gari lililofunguliwa vioo hakufai hata kidogo. Pumzi yake hujaa mle ndani na mbu huingia wasitoke. Mkirudi nyumbani, hata kama amechoka, mwoshe sehemu ulizompaka kwa maji na sabuni na umbadilishe nguo. Wewe pia. Kisha mlale ndani ya chandarua, maana saa mtakazolala bado ni saa za mbu.

Vipele vya asubuhi osha kwa sabuni, bandika kitambaa cha maji baridi, na kama vinawasha sana paka krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 au umeze dawa ya mzio. Usikune. Kipele kilichokunwa kikafunguka ndicho kinachoingia usaha. Kikizidi kuvimba siku ya pili au ya tatu, kikawa chekundu, cha moto na chenye maumivu, nenda ukaonwe.

Kama uwanja wenu uko kwenye eneo lenye malaria, au mnasafiri kufuata giza katika eneo la namna hiyo, haya yote hayachukui nafasi ya dawa za kinga ambazo daktari huwapa wageni wa maeneo hayo. Malaria ya Plasmodium falciparum kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa, na ile ya Plasmodium vivax huweza kujificha kwa miezi. Homa yoyote katika muda huo, hata ikija na mafua na ikaonekana ndogo, ipimwe damu siku hiyohiyo, na kwa binti yako isisubiri hata asubuhi. Mwambie anayekupima kwamba ulikesha nje, mahali gani, na tarehe ngapi.